Mwongozo wa Mtumiaji ni Sehemu ya Bidhaa Uliyoilipia

Mlaji anaponunua jiko la gesi halipii chuma na kioo peke yake. Analipia pia maarifa ya kulitumia jiko hilo bila kuharibu kifaa wala kuhatarisha maisha ya watu wa nyumbani kwake. Maarifa hayo huwekwa katika karatasi au kijitabu kiitwacho mwongozo wa mtumiaji, ambacho aghalabu hulazwa chini kabisa ya boksi na kutupwa pamoja na boksi lenyewe siku hiyo hiyo.

Katika sura hii tunaeleza namna mwongozo mzuri unavyoandikwa, namna ya kuutambua ulio mbovu, na hatua ambazo mlaji anaweza kuchukua anapouziwa bidhaa isiyo na maelekezo yanayoeleweka. Msimamo wetu ni mmoja: maelekezo si zawadi ya muuzaji. Ni sehemu ya bidhaa, kama ulivyo mguu wa meza. Bidhaa iliyokosa maelekezo yanayoeleweka ni bidhaa pungufu.

Tumechagua jiko la gesi kuwa mfano mkuu kwa sababu maalumu. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Maana yake ni kwamba kaya nyingi zitawasha gesi kwa mara ya kwanza. Jiko la mkaa hatukulisomea. Tulirithishwa na wazazi na bibi zetu, na kosa lake kubwa lilikuwa wali kuungua au moshi kujaa jikoni. Kwa kaya inayoanza kutumia gesi, hakuna mzee nyumbani wa kuwaelekeza wengine. Mwalimu wa kwanza ni ile karatasi iliyo chini ya boksi.

Haki ya kupewa taarifa

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe kwa Bunge la nchi yake akitaja haki 4 za msingi za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua na haki ya kusikilizwa. Ndiyo sababu Siku ya Kimataifa ya Haki za Mlaji huadhimishwa kila tarehe 15 Machi. Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Kumlinda Mlaji, ambayo ilihuishwa mwaka 1999 na tena mwaka 2015.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara. Kwa jirani zetu wa Kenya, Ibara ya 46 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Neno la kuzingatia hapo ni kunufaika. Karatasi yenye maandishi madogo kwa lugha asiyoijua mnunuzi imetimiza sharti la kuwapo. Haijatimiza sharti la kumfaa.

Namna mwongozo mzuri unavyoandikwa

Kuandika maelekezo ni taaluma yenye kanuni zake. Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, ijulikanayo kwa kifupi IEC, ilitoa kiwango cha IEC 82079-1 kuhusu uandishi wa maelekezo ya matumizi mwaka 2012, na toleo jipya likafuata mwaka 2019. Mlaji hana haja ya kukisoma kiwango hicho, lakini akizifahamu kanuni 4 zilizo msingi wa kazi hii, atautambua mwongozo mzuri kwa kuutazama dakika chache.

Kanuni ya kwanza ni kumjua mtumiaji. Mwandishi hujiuliza ni nani atakayekishika kifaa hiki, si nani atakayekilipia. Katika nyumba zetu, jiko linaweza kununuliwa na baba, likafungwa na kijana wa dukani, kisha likatumiwa kila siku na mama, msaidizi wa kazi za nyumbani au mtoto aliyerudi kutoka shule. Mwongozo unaomsemesha fundi peke yake umewaacha nje hao wote watatu.

Kanuni ya pili ni kupanga maelezo kwa kufuata kazi. Mtu hasomi mwongozo kama hadithi. Huufungua akiwa na shida. Kwa hiyo vichwa vya habari hutaja jambo analotaka kulifanya: kuunganisha mtungi, kuwasha, kuzima, kusafisha, la kufanya unaposikia harufu ya gesi. Mwongozo unaoanza kwa kurasa 3 za sifa za kampuni umemsahau msomaji wake.

Kanuni ya tatu ni hatua moja kwa tendo moja. Katika uandishi wa miongozo ya matengenezo ya ndege kuna mfumo uitwao ASD-STE100, ambao umekibana Kiingereza ili fundi wa taifa lolote akielewe. Mfumo huo unataka sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20 na kila sentensi ibebe agizo moja, isipokuwa pale ambapo matendo mawili hufanywa kwa pamoja. Ikiwa fundi wa ndege aliyesomea kazi yake anahitaji usahili huo, mpishi mwenye sufuria mkononi anauhitaji zaidi.

Kanuni ya nne ni kuweka onyo kabla ya hatua. Mwongozo ukiandika, "Washa kiberiti na ukisogeze kwenye jiko, kabla ya hapo hakikisha hakuna harufu ya gesi," umemwua msomaji katika nusu ya kwanza ya sentensi, kisha ukampa ushauri katika nusu ya pili. Watu husoma huku wanatenda. Jambo linalotangulia kufanywa sharti litangulie kuandikwa.

Zingatia sasa namna kanuni hizo zinavyofanya kazi pamoja. Haya ni maelekezo ya kuchunguza kama gesi inavuja, kwa jiko ambalo tayari limeunganishwa na mtungi:

ONYO: Gesi inayovuja inaweza kulipuka na kuua. Usitumie kiberiti wala mshumaa kutafuta mahali inapovuja.

1. Zima jiko na moto wowote mwingine ulio karibu.
2. Zungusha kitasa cha regulata hadi kwenye alama ya kuruhusu gesi.
3. Paka maji ya sabuni kwenye ncha zote mbili za mpira wa gesi.
4. Tazama ncha hizo kwa makini. Yakitokea mapovu yanayokua, gesi inavuja.
5. Gesi ikivuja, rudisha kitasa cha regulata kwenye alama ya kuzuia gesi.
6. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya umeme.
7. Mwite fundi. Usilitumie jiko hadi atakapolikagua.

Mwongozo bora huongeza sababu kwa maneno machache. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, nayo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini, karibu na sakafu. Ndiyo maana dirisha la juu peke yake halitoshi, na mlango nao hufunguliwa. Gesi hiyo kwa asili haina harufu ya kutambulika. Harufu kali tunayoisikia imetiwa kwa makusudi ili itutahadharishe. Mtu aliyeelezwa sababu hukumbuka hatua hata siku karatasi haipo karibu.

Neno moja, maana moja

Mfumo wa ASD-STE100 tulioutaja una sharti jingine: kila neno libaki na maana moja. Kwa mfano, neno la Kiingereza lenye maana ya kufuata huruhusiwa kutumika kwa maana ya kuja nyuma ya kitu, lakini si kwa maana ya kutii agizo. Sharti hilo laonekana dogo mpaka tulilete katika Kiswahili.

Tuchukue kitenzi funga. Twafunga mlango, yaani twauzuia usipitishe kitu. Twafunga mzigo kwenye baiskeli, yaani twaushikiza. Sasa mwongozo uandike, "Funga regulata." Regulata ni kile kifaa kinachopunguza msukumo wa gesi inayotoka mtungini kwenda jikoni. Je, msomaji aishikize kwenye mtungi au azuie gesi isipite? Maana zote mbili ni za Kiswahili safi, na matokeo yake yanapingana. Vivyo hivyo "fungua regulata" inaweza kumaanisha kuruhusu gesi ipite au kuing'oa regulata kwenye mtungi. Mwandishi makini huviepuka vitenzi hivyo viwili mahali hapo. Huandika, "Unganisha regulata na mtungi," au "Tenganisha regulata na mtungi," na kwa tendo la pili hutaja kitasa, upande wa kukizungushia na alama ya kuishia.

Mfano wa pili unahusu saa, na unagusa dawa. Lebo ikisema, "Meza kidonge 1 kila saa 8," mgonjwa mmoja atameza kila baada ya muda wa saa 8, yaani mara 3 kwa siku. Mwingine atameza mara 1 tu, kila siku ifikapo saa 8 mchana. Wote wawili wamesoma sawasawa. Aliyekosea ni mwandishi. Maelekezo yasiyo na utata yangesema: "Meza kidonge 1 mara 3 kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku." Mlaji anayepewa dawa na kusomewa maneno yenye utata wa namna hiyo ana haki ya kumwuliza mfamasia, "Mara ngapi kwa siku, na saa ngapi?" na kumwomba ayaandike majibu juu ya pakiti.

Tatizo hili halitokani na uchache wa maneno. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lililoanzishwa kwa sheria mwaka 1967, lina jukumu la kusimamia ukuzaji wa istilahi, na wafasiri wenye ujuzi wapo. Tatizo ni mwagizaji wa bidhaa anayeikabidhi kazi ya kutafsiri kwa programu ya kompyuta, kisha akaichapa bila mtu yeyote kuijaribu mbele ya jiko.

Hatari, Onyo, Tahadhari

Katika miongozo mingi inayofuata desturi ya Marekani, maneno ya kutahadharisha hayatumiki ovyo. Kila moja lina daraja lake. Neno linalotafsiriwa HATARI, kwa kawaida likiwa katika rangi nyekundu, lamaanisha kwamba usipoepuka jambo hilo, kifo au jeraha kubwa litatokea. ONYO, rangi ya chungwa, lamaanisha kwamba kifo au jeraha kubwa linaweza kutokea. TAHADHARI, rangi ya njano, lahusu jeraha dogo au la wastani. Ilani katika rangi ya buluu huhusu uharibifu wa mali bila jeraha la mwili.

Katika tafsiri za Kiswahili, ONYO na TAHADHARI hubadilishana nafasi mara kwa mara. Kwa hiyo tunamshauri mlaji asitegemee neno peke yake, bali asome sentensi inayofuata. Onyo lililokamilika hujibu maswali 3: ni hatari gani, itamfanya nini mtu, na ataiepukaje. "Kuwa mwangalifu unapotumia kifaa hiki" si onyo, kwa kuwa halijibu swali hata moja.

Bamba dogo nyuma ya kifaa

Sehemu ya maelekezo haimo kijitabuni. Imo kwenye bamba au kibandiko kilicho nyuma au chini ya kifaa. Kwa vifaa vya umeme, yafuatayo ni ya kutazamwa:

- Volti na hezi. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230 na hezi 50. Bamba linaloandika "220–240 V, 50 Hz" linaafiki. Vifaa vilivyotumika kutoka Japani huweza kuandikwa V 100, na vya kutoka Marekani V 120. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa moja kwa moja kwenye soketi zetu huweza kuungua au kuwasha moto.
- Miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine. Hii ni alama ya kifaa chenye kinga maradufu, kisichohitaji waya wa ardhini. Kifaa kisicho na alama hiyo, hasa chenye bodi ya chuma kama pasi au birika la umeme, kwa kawaida huhitaji waya wa ardhini. Usikate pini ya tatu ya plagi yake wala kulazimisha iingie kwenye soketi isiyo na tundu la ardhini.
- Jina na namba ya modeli. Namba hii sharti ilingane na iliyo kwenye mwongozo. Zisipolingana, umepewa mwongozo wa kifaa kingine.
- Alama ya ubora. Alama ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, inapokuwapo, huonyesha kwamba bidhaa imethibitishwa kwa kiwango husika. Haichukui nafasi ya maelekezo. Hivyo viwili hukamilishana.

Dakika 5 kabla ya kulipa

Mlaji ana nguvu kubwa zaidi akiwa bado hajatoa fedha. Tunamshauri afanye mambo haya dukani, bila haya na bila haraka:

1. Mwombe muuzaji afungue boksi, nawe utoe mwongozo kwa mkono wako.
2. Tazama kama umo kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine unayoielewa wewe na atakayekitumia kifaa.
3. Linganisha namba ya modeli kwenye mwongozo, kwenye boksi na kwenye bamba la kifaa.
4. Chagua kazi moja, kama vile kuwasha au kusafisha, usome hatua zake. Usipoweza kuzieleza kwa maneno yako mwenyewe, mwombe muuzaji azionyeshe kwa vitendo.
5. Tafuta ukurasa wa usalama na ukurasa wa dhamana. Soma dhamana ni ya miezi mingapi, inafuta nini, na nani wa kuwasiliana naye hapa nchini.
6. Dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa. Risiti isiyotaja bidhaa ni shahidi asiyejua kesi.

Muuzaji akisema mwongozo upo mtandaoni, mwombe akuonyeshe hapo hapo. Msimbo wa QR usiofunguka dukani una nafasi ndogo ya kufunguka nyumbani.

Baada ya kufika nyumbani

Usiwashe kwanza ndipo usome. Wakutanishe wote watakaokitumia kifaa, kisha mmoja asome sehemu ya usalama kwa sauti. Jambo hili ni la lazima zaidi pale ambapo msaidizi wa kazi au mzee wa nyumbani hasomi lugha ya mwongozo. Yeye ndiye anayeshinda na jiko kutwa, na kutojua kwake hakutamdhuru peke yake. Mwache arudie hatua za kuwasha na kuzima mbele yako.

Andika kwa mkono, katika karatasi itakayobandikwa ukutani mbali na moto, mambo 3 ya dharura: namna ya kuzima, la kufanya ukisikia harufu ya gesi, na namba za simu za muuzaji na za zimamoto. Mwongozo wenyewe uhifadhi pamoja na risiti na hati ya dhamana katika bahasha moja, na uupige picha kwa simu. Utakapokiuza au kukigawa kifaa, mpe mwenzako na mwongozo wake.

Mwongozo ukikosekana au ukiwa hausomeki

Rudi kwanza kwa muuzaji ukiwa na risiti, ukamwombe mwongozo sahihi au urejeshewe fedha. Lalamika kwa maandishi, hata kwa ujumbe mfupi wa simu, ili pawepo na kumbukumbu. Piga picha bamba la kifaa, boksi, na ukurasa usioeleweka. Eleza kwa ufupi: ulinunua nini, lini, wapi, na maelekezo yamepungukiwa na nini.

Muuzaji asiposhughulikia, ulete malalamiko kwa mamlaka inayohusika ukiambatisha nakala za vielelezo hivyo. Nakala halisi ubaki nazo. Huna haja ya kungoja mtu aumie ndipo ulalamike. Bidhaa ambayo maelekezo yake yanaweza kumpeleka mtu upande usio sahihi wa kitasa cha gesi ina kasoro ya usalama kabla ya ajali yoyote kutokea, na taarifa ya mlaji mmoja huweza kusaidia kufanya shehena nzima ikaguliwe.

Kwa waagizaji na wafanyabiashara wanaosoma kitabu hiki, ombi letu ni dogo. Kabla ya kuchapa tafsiri, mpeni mtu mmoja asiyekijua kifaa hicho, mkae kimya, mmtazame akifuata maelekezo hadi mwisho. Pale atakaposita, pana sentensi ya kurekebishwa. Gharama yake ni alasiri moja, na hiyo ni sehemu ya gharama ya bidhaa ambayo mlaji amekwisha kuilipia.